Chora Duara la Winchi Kwanza

Mtu akiketi na sanduku la vitofali vya plastiki akitaka kujenga bandari yenye reli, mkono wake wa kwanza huenda kwenye meli. Wa pili huenda kwenye treni. Winchi huachwa hadi mwisho, ijengwe kwa masalia na ipachikwe popote palipobaki nafasi. Niliifuata njia hiyo mara mbili na mara zote mbili nilibomoa. Meli ilipendeza, treni ilitembea, ila havikukutana. Mkono wa winchi haukufika kwenye shimo la shehena, na miguu yake ilibana reli kiasi kwamba kila behewa lilipopita lilisugua. Mara ya tatu nilianza na winchi, nikaiacha yenyewe iamue reli zipite wapi, gati liwe na kimo gani na meli itie nanga umbali gani. Bandari hiyo ipo mezani kwangu mpaka leo.

Ninayoizungumzia ni bandari ya mwisho wa reli, ya zama za magunia na makasha, kabla makontena hayajatawala. Kielelezo changu ni Kigoma. Reli ya Kati ilifika huko kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, ikakoma ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kuanzia hapo safari ikawa ya maji. Hata meli maarufu ya ziwa hilo ilipanda treni kabla ya kuelea. Ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa anayecheza na vitofali sijui kielelezo kinachofaa zaidi ya hiki: meli iliyowahi kuwa sandukuni, imesafiri kwa treni, ikaungwa gatini kipande kwa kipande.

Tuanze na mtindo wenyewe, maana neno "zamani" linaweza kumpoteza mtu. Kwa wapenzi wa treni za LEGO, zama za dhahabu ni zile za reli za kijivu zilizotoka mwaka 1980. Zilitumia umeme wa volti 12 uliopita kwenye vyuma viwili katikati ya njia, ukitoka kwenye transfoma yenye kitasa cha mwendo. Ukiwa umeketi mezani uliweza kugeuza pointi, kuinua kizuizi cha barabara, kubadili taa ya ishara na kuachanisha mabehewa, vyote kwa vibonyezo, bila kugusa treni. Mfumo huo ulipisha ule wa volti 9 mwaka 1991, ambao ulipitisha umeme kwenye reli zenyewe za chuma. Baadaye zikaja treni za betri na rimoti ambazo ndizo ziko madukani sasa.

Je, utafute ile ya volti 12? Ukiwa nayo tayari, itunze na uitumie. Transfoma zake za Ulaya zilitengenezwa kwa umeme wa volti 220, kwa hiyo umeme wa Tanzania na Kenya unakaribiana nao. Utahitaji adapta ya plagi tu. Lakini kifaa hicho kina miaka zaidi ya thelathini, na umeme wetu hupanda na kushuka. Mpelekee fundi wa umeme aikague kabla hujaichomeka, na ukishaichomeka ipitishe kwenye stabilaiza. Kwa anayeanza, mimi nashauri betri na reli za plastiki tupu. Anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja ana sababu ya ziada, kwa kuwa upepo wa chumvi hufanya kutu na ukungu kwenye vyuma vya reli za umeme, na utashinda unavifuta. Sura ya zamani utaipata kwa namna unavyojenga, na hakuna atakayeuliza umeme unapita wapi.

Sura hiyo inategemea mambo machache, la kwanza likiwa rangi. Vitofali vya treni vya miaka hiyo vilikuwa vyekundu, vya manjano, vya bluu, vyeupe, vyeusi na vya kijivu, na kijani kwa mbali. Ukiingiza zambarau, machungwa au kahawia ya siku hizi, miaka ya 1980 imetoweka. Vinundu navyo viache vionekane. Wajenzi wa leo hupenda kufunika kila paa na kila sakafu kwa vigae laini. Wewe weka kigae pale tu ambapo kitu kinatakiwa kuteleza. Wanasesere wawe na ile sura moja ya macho mawili na tabasamu, kwani nyuso za namna nyingine zilikuja mwaka 1989 pamoja na maharamia. Na uangalie kijivu. Mwaka 2004 kampuni ilibadili kijivu chake, na kipya kina ububluu ambao ukikaa karibu na cha zamani unaonekana kama kiraka kwenye shati. Vitofali vya mitumba huja vimechanganyika, basi vipeleke dirishani mchana uvitenganishe. Cha zamani kikae kwenye ukuta wa gati unaoonekana, kipya kikafiche ndani ya ghala.

Sasa vipimo. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na bamba jembamba ni milimita 3.2, yaani mabamba matatu hufanya kitofali kimoja. Kipande cha reli kina urefu wa vinundu 16 na mataruma yake yana upana wa vinundu 8. Vipande vya kona vinavyouzwa na LEGO hufanya duara kwa vipande 16, na duara hilo pamoja na mataruma yake linataka karibu sentimita 70 za upana. Meza nyingi za nyumbani hazina nafasi hiyo. Habari njema ni kwamba bandari ya mwisho wa reli haihitaji duara hata kidogo: treni inaingia, inapakua, inarudi ilikotoka. Utahitaji njia iliyonyooka na pointi moja ya kuigawa mara mbili.

Yangu ina mabamba ya chini sita ya vinundu 32 kwa urefu na mawili kwa upana, yaani sentimita 153.6 kwa 51.2. Safu ya mbele ni ya bluu, ndiyo maji. Safu ya nyuma ni gati. Gati linatakiwa kuinuka juu ya maji, na wengi hupoteza mamia ya vitofali kujaza chini yake ambako hakuna anayeona. Tumia mbao. Vitofali vitano vikipangwa vinafika milimita 48, na mbao ya inchi mbili ni milimita 50 hivi. Mwambie seremala aipige randa hadi 48 kamili. Laza bamba la gati juu ya mbao hiyo, kisha mbele yake simamisha ukuta wa vitofali vitano wenye unene wa kinundu kimoja ukiwa umekita kwenye bamba la maji. Vinundu vya juu ya ukuta na vya gati vitakuwa usawa mmoja, nawe utavifunga pamoja kwa mabamba ya upana wa vinundu viwili. Hiyo ndiyo kingo ya gati. Pachika juu yake nguzo fupi nyeusi za kufungia kamba za meli.

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Kabla hujaweka reli hata moja, chukua kadibodi, bikari na penseli. Mabehewa ya mtindo wa zamani yana upana wa vinundu sita, na mataruma vinane. Winchi ya gatini husimama kama mlango juu ya reli, treni ikipita kati ya miguu yake, kwa hiyo mlango huo uwe na upana wa ndani wa vinundu 10, nafasi ya kinundu kimoja kila upande wa mataruma. Kila mguu uwe na vinundu viwili. Kutoka ukingo wa gati hesabu: viwili vya kingo, viwili vya mguu, kimoja cha nafasi, vinane vya mataruma, kimoja cha nafasi, viwili vya mguu wa nyuma. Umetumia vinundu 16, na kitovu cha winchi kimeangukia kinundu cha tisa kutoka ukingoni. Kimo cha mlango kipime kwa behewa lako refu kuliko yote, ukiongeza vitofali viwili juu yake.

Meli yenye upana wa vinundu 16, ikifungwa vinundu viwili mbali na gati, itakuwa na katikati yake vinundu 10 kutoka ukingoni. Kumi na tisa, basi, ndio urefu wa mkono wa winchi: tisa vya kufika ukingoni na kumi vya kufika katikati ya shimo la shehena. Weka ncha ya bikari kwenye kitovu cha winchi, ifungue vinundu 19, ambavyo ni sentimita 15.2, uchore duara.

Litazame duara hilo. Linapita juu ya shimo la meli. Linakata reli ya kwanza, ile iliyo chini ya winchi, mahali pawili, vinundu 19 kushoto na 19 kulia kwa kitovu. Na reli ya pili? Pointi za plastiki za sasa zikishanyooshwa kwa kona zake, huacha njia mbili zenye umbali wa vinundu 16 kutoka katikati hadi katikati. Duara lako linaikata reli hiyo ya nyuma pia, kama vinundu 10 kando ya winchi kwa kila upande. Kwa hiyo winchi yenye mkono usiokunjuka wala kuinama, inayojua kuzunguka na kuinua tu, inafikia meli na reli zote mbili. Winchi halisi za bandarini huinamisha mkono zikisogeza mzigo karibu au mbali. Ukijaribu hilo kwa vitofali utahitaji mota ya tatu na gia nyingine nyingi. Duara limekuepusha na yote hayo. Kila linapokata reli bandika kigae cha manjano pembeni. Hapo ndipo behewa litasimama, na dereva wako atajua.

Nyuma ya reli ya pili kunabaki vinundu vinne tu. Vinatosha. Jenga ukuta wa mbele wa stesheni na wa ghala bila nyumba yenyewe, kama sanamu ya ukutani: matao meupe, paa jekundu, milango mikubwa ya bluu ya kusukuma. Stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani la ghorofa, ina sura inayokubali kufupishwa hivyo.

Turudi kwenye winchi, nikae hapo kidogo, maana ndiyo itakayokupa raha au karaha.

Iwe na mota mbili, moja ya kuinua na moja ya kuzungusha, na kasha moja la betri lenye rimoti. Kasha la Powered Up, mfumo wa LEGO wa betri na rimoti, lina matundu mawili ya mota, hesabu inakwenda sawa. Mota na kasha vyote vikae juu, ndani ya kibanda kinachozunguka, usiviweke chini kwenye miguu. Ukiviweka chini, nyaya zitapanda kupitia katikati ya sahani ya kuzungukia, na mizunguko miwili ikitimia zitakuwa zimejisokota na kukaza. Vikiwa juu, winchi itazunguka siku nzima. Faida ya pili ni uzito. Betri sita za AAA za alkali peke yake zina karibu gramu 70, na hilo ndilo jiwe lako la mizani. Piga hesabu: mzigo wa gramu 20 ukining'inia vinundu 19 mbele unavuta kwa 380. Kasha la gramu 100 likikaa vinundu vitano nyuma ya kitovu linavuta kwa 500. Ziada hiyo ya 120 inabeba sehemu ya uzito wa mkono wenyewe, na iliyobaki inamezwa na miguu mipana.

Winchi yangu ya kwanza ilikuwa na kasha la betri chini. Ilinyanyua gunia kutoka melini vizuri, ikaanza kuzunguka, na gunia lilipokuwa limefika usawa wa kona ya gati nikaona mguu wa nyuma unaachana na vinundu vyake, kimoja, kisha cha pili, taratibu kabisa. Nilikuwa na rimoti mkononi na sikuwahi. Yote iliangukia upande wa maji, na mkono wake ukavunja mlingoti wa meli. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha mota yoyote, natundika mzigo kwenye kulabu na kuizungusha winchi kwa mkono duara zima, nikiangalia miguu.

Gia ni za kupunguza mwendo. Mota ndogo huzunguka mara mia kadhaa kwa dakika, nayo winchi ya gatini ni kitu cha taratibu. Kwa kuinua tumia gia ya skrubu ikisukuma gia ya meno 24. Kila skrubu ikizunguka mara moja, gia inasogea jino moja. Kwa hiyo mota inayozunguka mara 400 itazungusha ekseli ya kamba mara 17 hivi. Ukizungushia uzi kwenye ekseli tupu, utainua kama sentimita 25 kwa dakika. Ukiona ni polepole mno, vika ekseli bushi na uzungushie uzi juu yake, utafika karibu 40. Skrubu ina sifa nyingine: mota inaweza kuisukuma gia, gia haiwezi kuisukuma skrubu. Ukizima, mzigo unabaki hewani pale pale. Kwa gia ya meno 24 chagua ile nyeupe yenye kilachi ndani, inayoteleza nguvu ikizidi. Kulabu ikifika juu kabisa na wewe umechelewa kuachia kitufe, itateleza tu badala ya kukata uzi au kuunguza mota.

Kwa kuzunguka, skrubu isukume gia ya meno 24, na kwenye ekseli hiyo hiyo weka gia ya meno 8 inayouma sahani ya meno 56. Hesabu yake ni 24 mara 7, yaani 168. Mota ya mizunguko 400 inaizungusha winchi mara mbili na kidogo kwa dakika, na kutoka melini hadi behewani utasubiri sekunde sita hadi kumi hivi. Usitamani haraka zaidi. Mzigo ukizungushwa kwa kasi hupepea, na mzigo unaopepea hautui behewani.

Uzi usiwe wa mshipi wa kuvulia, kwa sababu una tabia ya kukumbuka mkunjo wake na kujisokota. Tafuta uzi wa washona viatu uliopakwa nta. Na kulabu iwe nzito. Kulabu ya plastiki tupu haina uzito wa kuvuta uzi kupita kwenye kapi la ncha ya mkono, kwa hiyo ukiteremsha, uzi unalegea kibandani badala ya kushuka, unaruka kando ya ekseli na kujifunga kwenye gia. Utaijua hali hiyo kwa mlio wa mota inayokoroma bila kitu kusogea. Chukua kitofali cha mviringo cha vinundu viwili kwa viwili, sukumia nati ya chuma ndani yake, uning'inize kulabu chini. Gramu kumi zinatosha.

Kufunga mzigo kwenye kulabu fanya kwa vidole. Najua wapo wanaoweka sumaku ili kazi yote ifanyike kwa rimoti, lakini gatini kweli mzigo hufungwa slingi na mikono ya makuli, na masanduku ya miaka ya 1980 yalimwachia mtoto kazi hiyo. Kila gunia au kasha lipe kitanzi cha uzi juu. Slingi ya magunia manne kwenye bamba dogo inapendeza kuliko gunia moja moja.

Kichwa cha treni kiwe kifupi, cha kupangia mabehewa, chekundu au cha manjano chenye ngazi nyeusi pembeni. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipaka vichwa vyake vya mvuke rangi nyekundu iliyoiva, na nyekundu ya kawaida ya vitofali inalikumbusha vya kutosha. Mota ya treni inayouzwa tayari na magurudumu yake imetengenezwa kwa mbio, na ikiwekwa mwendo mdogo husita kisha huruka. Kwa bandari nashauri mota ndogo ya kawaida, gia ya meno 8 ikisukuma ya meno 24, na gurudumu la treni lenye mzingo wa sentimita tano na nusu hivi. Mota ikizunguka mara 400, treni inatembea sentimita 12 kwa sekunde. Ukiangalia mwanasesere aliyesimama pembeni, huo ni mwendo wa treni inayoingia gatini kwa tahadhari. Betri za kuchaji zina volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, zikiwa sita ni 7.2, hivyo zitapunguza mwendo zaidi. Kwa hapa ni faida. Kasha la betri halitaingia kwenye kichwa kifupi. Lifiche kwenye behewa la paa linalofuata kichwa daima, na uache paa lake lifunguke kwa kidole ili ubadili betri bila kubomoa.

Kuachanisha mabehewa yanayoshikana kwa sumaku kunasumbua watu bure. Chukua kijiti cha mshikaki, kiteremshe kati ya sumaku mbili na ukipinde kidogo. Basi.

Meli nimeiacha nyuma makusudi, kwa kuwa sasa tunajua ukubwa wake. Liemba ina urefu wa takriban mita 70. Mwanasesere ana kimo cha sentimita nne, kwa hiyo analingana na mtu mzima kwa kipimo cha moja kwa arobaini na mbili hivi, na Liemba ya kipimo hicho ingezidi sentimita 160, ndefu kuliko meza yote. Usiifinye ikawa mtumbwi. Jenga omo na nusu ya mbele tu, uikate wima pale meza inapoishia, kana kwamba sehemu ya tezi iko nje ya picha. Upana wa vinundu 16 ubaki, shimo la shehena liwe mbele ya winchi pale duara linapopita, na ubavu uwe mweusi chini na mweupe juu. Mota usiitie. Meli iliyofungwa kamba gatini haitembei, na kila mota utakayoiondoa kwenye meli ni betri zilizobaki kwa winchi. Nafasi ya maji iliyobaki mbele iweke tishali moja na mtumbwi wa wavuvi wa dagaa. Maji yenyewe yaache ni bamba la bluu lenye vinundu. Hakuna aliyeyapamba miaka ile.

Taa mbili zatosha, moja chini ya paa la stesheni na moja kibandani mwa winchi. Balbu za siku hizi ni nyeupe ya kuumiza macho. Ziba mwanga wake kwa kitofali kidogo cha manjano kinachopitisha mwanga, gati litapata ile rangi ya taa za zamani.

Ukimaliza, usianze na treni ndefu wala meli iliyojaa. Weka behewa moja tupu kwenye kigae cha manjano cha reli ya kwanza, vinundu 19 kutoka winchi. Pakia magunia kumi melini. Funga slingi ya kwanza, inua hadi ipite ukingo wa shimo, subiri itulie, zungusha robo duara, subiri tena, teremsha. Ikitua nje ya behewa usiguse winchi. Sogeza behewa, kisha hamisha kigae. Rudia hadi slingi zitue mara tatu mfululizo bila kusahihishwa. Kisha nenda reli ya pili, ambako mzunguko ni mrefu zaidi na mzigo unapita juu ya vichwa vya makuli. Huko inua vitofali viwili zaidi kabla ya kuzungusha.